Mjomba akifariki, msikimbilie mwenye mizani ya vyuma

Mhariri,

Karibu kila ukoo una mjomba wa aina hii: anachora ukutani kwa makaa, anarekodi mvua kwenye kaseti, anaunda pampu kwa fremu ya baiskeli, na majirani wanamwita kichaa. Anapofariki tunamlilia kwa heshima zote. Matanga yakiisha, chumba kinatakiwa na mpangaji. Karatasi zinachomwa, vyuma vinapimwa kwa kilo. Tunawasihi jamaa wasubiri kidogo.

Kabla ya kugusa chochote, pigeni picha za chumba kizima, ukuta kwa ukuta. Mashine aliyoiunda ndiyo ngumu, maana maelekezo yake aliyaweka kichwani. Mtafuteni mwanagenzi aliyeshinda naye, aiendeshe huku simu ikirekodi, aeleze kila kipande kina kazi gani. Ikibidi kuifungua, kila kipande kipewe nambari, na nati zake zitiwe katika mfuko wenye nambari hiyohiyo. Kinachopotea kwanza ni washa za nati na springi ndogo, navyo mara nyingi alivichonga mwenyewe. Hamtavipata katika masoko ya Gikomba wala Kamukunji.

Kaseti ndizo zinazotuuma zaidi, kwa sababu huharibiwa na mapenzi: mtu ana hamu ya kusikia sauti ya marehemu, anaitumbukiza katika redio yoyote iliyo karibu. Ishikeni kwanza kwenye mwanga, mchungulie kidirisha. Mkiona unga mweupe kandokando ya utepe, huo ni ukungu. Msiicheze, itachafua hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma utepe, na hedi itachafua kaseti zinazofuata. Kama ni safi, vunjeni vijimeno viwili vya plastiki mgongoni ili mtu asirekodi juu yake. Kisha tazameni ukingo ulio wazi, katikati, nyuma ya utepe: pana kipande cha sufu kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Gundi yake hukauka. Kikidondoka, sauti hufifia kama ya mtu anayesemea ndani ya blanketi, na watu hudhani kaseti imekufa. Hamisheni kingine kutoka kaseti isiyo na maana. Safisheni hedi kwa pamba na spiriti, pelekeni utepe hadi mwisho na kuurudisha, ndipo mnakili kwa faili ya WAV, isiyobana sauti, si MP3. Kaseti ya C-90 itachukua dakika 90 kamili.

Karatasi msizilamineti kamwe, kwani gundi ile haitoki tena. Ondoeni pini zenye kutu, tumieni bahasha za karatasi ndani ya katoni iliyoinuliwa kutoka sakafuni. Mifuko ya nailoni hufungia unyevu.

Tena, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda maandishi, tungo na michoro kwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka aliofariki mtunzi. Daftari la mjomba basi ni sehemu ya mirathi kama lilivyo shamba, na mwenye kulichukua usiku wa matanga anachukua mali ya warithi.

Na lebo aliyoandika kwa mkono wake kwenye kaseti isibanduliwe, hata kama kalamu imefifia. Ipigeni picha, mbandike yenu kwenye kasha.

Wahifadhi wa nyaraka na sauti,
Nairobi