Kompyuta ya zamani haipakwi rangi kama geti

Mhariri,

Napuliza magari rangi hapa Kisumu, na siku hizi vijana huniletea kompyuta za nyumbani za zamani, hasa Commodore 64 iliyotoka mwaka 1982, wakitaka kasha liwe jekundu au la buluu. Nawaunga mkono kabisa. Plastiki ile hugeuka manjano kwa jua na umri, na rangi nzuri huirudishia heshima.

Kinachoniuma ni haraka ya baadhi ya mafundi wenzangu. Kasha lile ni plastiki ya ABS. Ukilipangusa kwa asetoni au thina kali, linayeyuka. Fungueni skrubu, chomoeni waya wa kibodi na wa taa taratibu, toeni kila kitu ndani. Osheni kwa sabuni, sugueni kwa msasa laini, kisha pakeni praima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikiza. Rangi iwe nyembamba, mara kadhaa, kila mkono wa rangi ukauke kwanza. Huku kwetu hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo msipulize mvua ikinyemelea. Beji ya asili ibanduliwe kwa uangalifu na irudishwe.

Mteja akisema anaitaka kesho, mwambieni arudi wiki ijayo.

Fundi rangi,
Kibuye, Kisumu