Kasha la Wisbech lina zaidi ya minyororo

Mhariri,

Kila ifikapo Agosti 23, siku ya kimataifa ya kukumbuka biashara ya watumwa, tunaonyeshwa picha zilezile: pingu, minyororo, na zile sanamu za watu waliofungwa shingoni ndani ya shimo pale Mkunazini, Unguja. Picha hizo zina haki ya kuwapo, wala siombi ziondolewe. Ninachoomba ni ziwekewe kitu kingine kando yake, na mfano ninao kutoka mji mdogo wa Uingereza uitwao Wisbech.

Wisbech ni mji wa gulio katika jimbo la Cambridgeshire, kando ya mto Nene, kwenye nchi tambarare iliyokuwa vinamasi kabla ya kukaushwa kwa mifereji na kuwa mashamba. Nyumba za matajiri wa zamani bado zimejipanga ukingoni mwa mto. Mojawapo, Peckover House, ni ya mwaka 1722. Katika mji huo alizaliwa Thomas Clarkson mwaka 1760, mtoto wa mwalimu mkuu wa shule ya pale, naye akaja kuwa mmoja wa watu waliopigana zaidi kuliko wote kukomesha biashara ya watumwa ya Waingereza.

Karibu na daraja pana mnara wake wenye kimo cha futi 68, uliokamilika mwaka 1881. Sehemu ya chini amechongwa Mwafrika aliyefungwa minyororo, amepiga magoti, anaomba. Ni kazi nzuri ya mawe, lakini kwangu urithi mkubwa wa Wisbech hauko pale barabarani. Uko ndani ya jumba la makumbusho lililojengwa mwaka 1847, nao ni kasha la mbao.

Kasha hilo lilianza hivi. Mwaka 1787, katika mto wa London, Clarkson alipanda meli iitwayo Lively iliyokuwa imetoka Afrika. Haikubeba watu. Ilibeba pembe za ndovu, nta, mafuta ya mawese na pilipili, na humo akaona nguo zilizosokotwa na kufumwa na Waafrika wenyewe. Alinunua sampuli, akaendelea kukusanya nyingine, akazipanga kwenye kasha lenye sehemu nne. Kwa maelezo yake mwenyewe, mlikuwa na vipande vya mbao za aina nyingi, viungo, kitanda cha mfumi (mtambo wa kufumia nguo), kijiti cha kusokotea kikiwa bado na uzi wa pamba, na vitambaa vyeupe na vya rangi. Mwaka huohuo, huko Liverpool, alinunua dukani pingu na vyuma vya kubana vidole gumba. Vyote alivionyesha. Lakini waziri mkuu William Pitt alipoletewa sampuli zile, kilichomshangaza zaidi, kwa mujibu wa Clarkson, kilikuwa kazi za mikono za Waafrika: pamba, ngozi, dhahabu na chuma. Mwaka 1788 kasha likafika mbele ya kamati ya baraza la mfalme. Sheria ya kupiga marufuku biashara ile ilipita mwaka 1807.

Sisemi kasha lile halina dosari. Clarkson alitaka pia kuwashawishi Waingereza kwamba watapata faida kwa biashara nyingine na Afrika, na tunajua biashara hiyo nyingine ilifuatwa na nini. Majina ya wafumi hatunayo. Na vitu vile ni vya Afrika Magharibi, si vya pwani yetu, ambako soko la watumwa la Unguja lilikuja kufungwa mwaka 1873. Hata hivyo, mtu anayeinama juu ya kasha lile anakutana na Mwafrika aliye kazini, mwenye ufundi, mwenye mali ya kuuza. Yule wa kwenye mnara anasubiri huruma tu.

Nasi tunavyo vitu vya kuonyesha. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wamepata vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilichomekwa kwenye kijiti ili kiwe kizito na kizunguke vizuri wakati wa kusokota pamba. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu ziliuzwa hadi Misri. Kigae kama hicho kinaenea kiganjani. Mtu alikitoboa kwa uvumilivu, akakitumia miaka, na aliyekuja kukamatwa na kutembezwa hadi pwani karne nyingi baadaye alikuwa naye fundi wa kitu fulani: mfua chuma, mfinyanzi, mkulima aliyejua mbegu zake. Mnyororo peke yake hauwezi kumwambia mtoto hayo.

Kwa hiyo nawaomba wanaosimamia makumbusho ya Unguja, Bagamoyo na Kilwa wapange upya meza zao: karibu na kila pingu, kiwekwe kitu kilichotengenezwa na watu wa bara au wa pwani wa zama hizo, kikiwa na maelezo ya Kiswahili kinachosomeka, kilitengenezwaje na kwa ajili ya nini. Walimu wa historia nao wasingoje makumbusho. Pamba ipo, kijiti kipo, na wazee wanaojua kusokota, kusuka ukili na kufinyanga bado wapo vijijini. Waalikwe darasani kabla somo la utumwa halijaanza.

Msomaji wenu,
Peterborough, Uingereza