Jumapili tunamuongelea Acharya Vidyasagar
Habari zenu wanakikundi, Jumapili saa mbili usiku tunaenda kwa Wajaini wa India (dini ya kale inayosisitiza kutodhuru kiumbe chochote), mtu wetu ni Acharya Vidyasagar (Acharya ni cheo, yaani mkuu wa watawa), mzaliwa wa Karnataka 1946, akaingia utawa 1968 na toka hapo hana nguo hana gari, safari zote peku peku, mkononi kifagio cha manyoya ya tausi cha kusogezea wadudu asije akawakanyaga. Chakula mara moja tu kwa siku, anakula kasimama, viganja ndo sahani, chumvi na sukari aliacha kabisa (mi kwenye chumvi hapo ningeshindwa jamani). Alifariki Februari 2024 kule Dongargarh, India, akiwa kwenye mfungo wa hiari wa kuaga dunia, najua hapo ndo mtawaka, ila tuongee kwa heshima, wafuasi wake wanamuenzi mno. Bando mapema basi.