Matairi ya Gari la Kasi kwa Barabara za Nakuru, Kericho na Kisumu

Kwa maoni yetu, tairi la gari la kasi huku kwetu linunuliwe kwa ajili ya mvua kwanza. Wengi wanaotuletea Subaru WRX na STI, Mitsubishi Evo, Golf GTI au BMW hapa Nakuru huanza na maswali mawili: tairi hili litadumu kilomita ngapi, na lipi linashika zaidi kwenye kona? Ni maswali ya haki, ila yote mawili ni ya lami kavu.

Kwenye lami kavu hatuna hofu sana. Kasi ya juu inayoruhusiwa kwa gari la kibinafsi ni kilomita 110 kwa saa, na kwa kasi hiyo karibu kila tairi jipya la kampuni inayojulikana litalimudu gari la turbo. Sasa toka hapa mjini saa nane mchana uelekee Kisumu. Utapita Salgaa, upande Sachangwan, ufike Mau Summit na ukate kushoto kwenda Londiani na Kericho. Kericho mvua ya alasiri ni jambo la kawaida karibu mwaka mzima, na siku nyingine inashuka na mawe. Tena njia yote hiyo hutumiwa na malori mazito. Pale magurudumu yake yanapopita kila siku lami imebonyea ikawa mitaro miwili mirefu, na mvua ikinyesha maji hutulia humo humo.

Gari lako linaingia kwenye mtaro huo na tairi la upana wa milimita 245. Kadiri tairi lilivyo pana ndivyo lilivyo na maji mengi ya kusukuma kando, na mifereji yake ikiwa imelika maji hayo hayana pa kupita. Tairi linapanda juu ya maji, usukani unakuwa mwepesi ghafla, na kwa sekunde hizo huna lami chini yako. Hata kama injini inavuta magurudumu yote manne, hata kama breki ni Brembo, hakuna kinachofanya kazi mpaka mpira urudi kuigusa barabara.

Kwa hiyo mteja wa njia hii tunampeleka moja kwa moja kwenye matairi ya barabarani yenye mifereji mikubwa inayozunguka tairi zima: Michelin Pilot Sport 4 au 5, Bridgestone Potenza Sport, Continental PremiumContact 6 na mengine ya daraja hilo. Yokohama Advan Neova na Dunlop Direzza ni matairi mazuri sana, na vijana wanayapenda kwa sababu wameyaona kwenye magari ya mashindano. Lakini hayo yameundwa yakilenga lami kavu yenye joto. Kama gari lako ni la kwenda uwanja wa mbio Jumapili na kurudi nyumbani pakiwa pakavu, tutakufungia kwa furaha. Kama ndilo linalowapeleka watoto shule na kukufikisha Kisumu kila mwisho wa mwezi, tutakuomba uchague lingine.

Ubavuni mwa tairi utaona neno TREADWEAR na namba kama 200, 300 au 400. Hiyo ni kanuni ya Marekani: tairi huendeshwa kwenye njia ya majaribio huko Texas, likalinganishwa na tairi la kipimo, kisha kampuni yenyewe ndiyo huliandikia namba. Linganisha namba hizo ndani ya kampuni moja; kati ya kampuni mbili zinapotosha. Jirani yake kuna neno TRACTION na herufi AA, A, B au C. Herufi hiyo hueleza jinsi tairi linavyosimamisha gari kwenye njia yenye maji, likiwa limenyooka. Watu huiruka, ilhali sisi ndiyo tunayoisoma kwanza. Kwa gari la kasi tusishuke chini ya A.

Na kina cha mifereji tafadhali. Tairi jipya la aina hii huwa na milimita 7 au 8. Vile vinundu vidogo ndani ya mifereji vinaonyesha milimita 1.6, na ukiona mpira umelingana navyo tairi limekwisha kabisa. Usisubiri hapo. Likifika milimita 3, uwezo wa kufunga breki kwenye maji umeshapungua sana, na mwenye gari lenye nguvu za farasi 300 anayepita Kericho anafaa kubadilisha wakati huo. Ukikagua, piga magoti uangalie upande wa ndani pia. Magari mengi yaliyoshushwa hula tairi upande wa ndani. Ukisimama kando unaona mpira mzuri, kumbe ndani nyuzi zinakaribia kuonekana.

Kwa nini tunakataa kukuuzia mawili

Jambo hili hutuletea ubishi mwingi kuliko mengine yote. Mteja wa Subaru au Evo, magari yanayovutwa na magurudumu yote manne, anakuja, tairi moja limepasuliwa ubavu na shimo barabarani, anataka moja tu. Au ya mbele yamelika kuliko ya nyuma, anataka mawili. Anadhani tunataka kumuuzia zaidi.

Hesabu ni hii. Kila milimita moja ya kina inapolika, mzunguko wa tairi hupungua kwa kama milimita 6.3. Subaru wanashauri tofauti ya mzunguko kati ya matairi manne isizidi robo inchi, yaani milimita 6.4. Kwa maneno mengine, tofauti ya milimita moja tu ya kina imemaliza nafasi yote uliyopewa. Ukifunga mawili mapya yenye milimita 8 mbele na kuacha yenye milimita 4 nyuma, tofauti ya mzunguko ni milimita 25. Tairi la inchi 17 la WRX huzunguka kama mara 500 kwa kilomita, kwa hiyo yale yaliyolika yatazunguka mara 6 zaidi kwa kila kilomita. Kutoka Nakuru hadi Kisumu, safari ya kilomita kama 180, ni zaidi ya mizunguko 1,000 ya ziada.

Hiyo tofauti lazima imezwe na kitu, na kinachoimeza ni difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Difu hiyo imewekwa ili ifanye kazi kwenye kona na kwenye utelezi, kisha ipumzike gari likinyooka. Matairi yakitofautiana haipumziki hata kidogo. Kwenye WRX za gia za mkono, ile sehemu yenye mafuta mazito inayofungamanisha mbele na nyuma hupata joto, na ikiendelea hivyo hugoma. Utaijua ukiwa unaegesha: ukikata usukani wote gari linajivuta na kuguna badala ya kuteleza lenyewe. Wakati huo bei unayoulizia ni ya giaboksi, na bei ya matairi manne utaiona ndogo.

Kuna njia ya kati. Kama matairi yako hayajalika hata milimita moja, tutakutafutia moja la kampuni ile ile, jina lile lile na saizi ile ile. Tunapima yote manne mbele yako kabla ya kukuambia lolote. Vinginevyo ni manne, na lile bora kati ya yaliyotoka linafungwa kwenye rimu ya akiba endapo unayo. Baada ya hapo yazungushwe mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000 ili yalike pamoja.

Mwenye gari linalovutwa na magurudumu mawili, kama Golf GTI au Mark X, anaweza kununua mawili. Hayo mapya yaende nyuma, hata kama gari linavutwa na ya mbele. Mbele likiteleza utahisi kwenye usukani na kuachia mafuta; nyuma likiteleza kwenye maji, madereva wachache sana hulirudisha.

Tairi lililokuja na gari kutoka Japani

Gari likishuka Mombasa na kufika huku, mara nyingi limevaa matairi ya baridi. Muuzaji atakuambia, "Tairi bado mpya, angalia meno," na kweli meno yapo. Tafuta neno STUDLESS ubavuni, au majina kama Blizzak, iceGUARD na Winter Maxx. Utaona pia mpira umekatwa vichanja vyembamba vingi sana. Mpira huo ni laini kwa makusudi, umetengenezwa kwa barabara ya barafu yenye joto chini ya nyuzi 7. Upeleke Kisumu mchana wa Februari na gari litayumba kwenye kona kana kwamba limebeba mzigo juu, na breki itachukua umbali mrefu zaidi. Mengi yana herufi Q, maana yake yamepimwa kwa kilomita 160 kwa saa tu. Kwa STI hayo yatolewe wiki ya kwanza.

Hata kama si ya baridi, soma umri. Kwenye maandishi yanayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 4818 ni wiki ya 48 ya mwaka 2018. Sheria inaruhusu gari kuingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, kwa hiyo tairi linaweza kuwa na umri huo huo na bado likawa na meno marefu, kwa vile gari lilitembea kidogo. Mpira hukauka hata ukiwa umesimama. Michelin hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na lisivuke miaka 10 kwa vyovyote. Kwa sababu hiyo hiyo hatufungi mitumba kwenye magari ya kasi. Jeraha la ndani halionekani kwa macho, na hakuna ajuaye lilikopita.

Saizi

Mashimo ya huku yanafahamika. Wengi wenye STI za karibuni na Evo X wana 245/40R18, yaani upana milimita 245, ubavu asilimia 40 ya upana huo na rimu ya inchi 18; ubavu wake una milimita 98. Wengine hupandisha hadi inchi 19 na 235/35, ubavu ukabaki milimita 82, halafu kila mwezi rimu inapelekwa kunyooshwa. Tungependa uende upande mwingine. 245/45R17 ina kimo cha jumla kinachokaribiana kabisa na 245/40R18, tofauti haifiki hata milimita moja, lakini ubavu ni milimita 110. Unapata mpira wa kupokea shimo, na spidomita haidanganyi. Sharti ni rimu ya inchi 17 ipite juu ya Brembo. Zipo zinazopita na zipo zinazogusa, kwa hiyo tunaijaribu kabla hujalipa. STI za zamani zenye 225/45R17 ziko sawa zilivyo.

Herufi ya kasi: H ni kilomita 210, V 240, W 270, Y 300. Wapo wanaouliza W ya nini na sheria inasema 110. Herufi hiyo pia ni kipimo cha jinsi tairi linavyostahimili joto, na gari lenye watu watano likishuka kuelekea Ahero mchana lina joto la kutosha. Usishuke chini ya kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, wala kwa herufi wala kwa namba ya uzito. 91 hubeba kilo 615 kwa tairi, 94 hubeba 670.

Wenye BMW: angalieni kama ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, maana hayo hayazungushwi. Na kama gari lilikuja na yale yanayoweza kutembea bila upepo, huenda halina tairi la akiba. Ukihamia ya kawaida, nunua la akiba siku hiyo hiyo.

Upepo ujazwe tairi likiwa baridi, asubuhi. Vibandiko vya Japani huandika kPa. 230 ni kama psi 33. Ukifika Kisumu ukapima tairi lina moto na namba imepanda, usipunguze. Litapoa.

Tukikufungia, tunakagua mshale wa mwelekeo na neno OUTSIDE, tunabalansi, tunafanya alainimenti, na nati zinakazwa kwa spana ya kipimo. Kilomita 300 za kwanza endesha taratibu, kwa sababu tairi jipya hutoka kiwandani na utelezi juu yake, na kwenye mvua utauhisi. Rudi baada ya kilomita 100 hivi tukaze nati tena, hiyo hatulipishi. Saizi za inchi 18 kwa kawaida tunaziagiza Nairobi, basi tuambie mapema, na utupigie picha ya ubavu wa tairi ulilonalo na ya kibandiko cha mlangoni.