Barua ya wazi kwa Gavana wa Minnesota: msamaha wako ndio pekee unaotufaa

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayojadilia mambo haya majumbani mwetu hapa Brooklyn Park, na kwa sababu wenzangu wengi hawajapata kuelezwa kwa lugha hiyo ni nani hasa mwenye uwezo wa kuwasamehe.

Binamu yangu alitiwa hatiani kwa wizi katika mahakama ya jimbo hili akiwa kijana. Adhabu aliimaliza, akaoa, akazaa. Miaka mingi baadaye, alipokwenda kuhuisha kadi yake ya ukaazi, kosa lile likafufuka na akaitwa mbele ya jaji wa uhamiaji. Mtu tuliyemlipa atusaidie akatuandikia ombi la msamaha kwa Rais. Naikumbuka ile bahasha ya kaki mezani, shangazi akipitisha kiganja juu yake mara mbili kabla hatujaifunga, midomo ikimcheza kwa dua. Miezi ikapita, na jibu lilipofika lilikuwa fupi: kosa ni la jimbo, Rais hana mamlaka nalo.

Jibu lilikuwa sahihi. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inampa Rais uwezo wa kusamehe makosa yaliyotendwa dhidi ya Marekani yenyewe, na uwezo huo haufiki kwenye hukumu zilizotolewa kwa sheria za majimbo. Ndiyo maana Rais Biden, alipowasamehe Oktoba 2022 waliotiwa hatiani chini ya sheria za shirikisho kwa kukutwa na bangi tu, aliwahimiza magavana nao wafanye vivyo hivyo kwao. Na majimbo nayo hayafanani. Georgia huamua bodi, si gavana. Texas gavana hasamehi mpaka bodi impendekezee. Hapa kwetu Minnesota mnaketi watatu kwenye bodi ya misamaha, wewe, Mwanasheria Mkuu na Jaji Mkuu.

Zamani mmoja wenu akikataa, ombi lilikuwa limekufa. Sheria ya mwaka 2023 iliondoa sharti hilo, ikatosha kura yako pamoja na ya mwenzako mmoja, ikaunda na tume ya watu 9 ya kuyachunguza maombi kabla hayajawafikia. Hilo tunalishukuru kwa dhati.

Kwa raia, msamaha humrudishia mtu heshima na humfungulia milango ya kazi. Kwa asiye raia huamua kama atalala nyumba moja na watoto wake. Sheria ya uhamiaji inatamka kwamba msamaha kamili usio na masharti, uwe wa Rais au wa gavana, humwokoa mtu asifukuzwe nchini kwa baadhi ya makosa, na wizi ni miongoni mwayo. Makosa ya dawa za kulevya hayamo, na ni haki watu waambiwe hivyo mapema kabla hawajatumaini bure. Kufutiwa rekodi mahakamani, ambako wengi wetu hukukimbilia, kwa kawaida hakumfai mtu kitu mbele ya jaji wa uhamiaji.

Kwa hiyo naomba, Mheshimiwa, maelezo na fomu za msamaha zipatikane kwa Kiswahili fasaha. Naomba pia jambo zito zaidi. Sheria humtaka mwombaji angoje miaka 5 baada ya kumaliza adhabu, ila inaruhusu aondolewe kungoja huko akionyesha hali isiyo ya kawaida na haja ya pekee. Tamkeni wazi kwamba hatari ya kufukuzwa nchini ni haja ya namna hiyo, na maombi ya walio katika hatari hiyo, hata wale ambao miaka yao 5 ilikwisha zamani, yatangulizwe, kwa kuwa jaji wa uhamiaji ana kalenda yake.

Binamu yangu ameshawasilisha ombi jipya, safari hii kwenu. Tarehe ya jaji imezungushiwa wino mwekundu kwenye kalenda iliyo jikoni kwa shangazi, na kando yake shangazi ameacha nafasi ya kuandika tarehe ya bodi.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Brooklyn Park