Kwa nini jeli ya manjano haichanganywi na manjano ya Marikiti

Kwa mara ya tatu mwaka huu mteja amerudi dukani kwetu Majengo, Mombasa, akiwa amekasirika, akaweka tyubu ya jeli yetu ya manjano juu ya kaunta na kusema kwamba tumemuuzia manjano kwa bei ya dhahabu. Safari hii alikuwa mama wa kijana wa bodaboda aliyeungua shavu la mguu kwa ekzosi ya pikipiki. Tyubu ya gramu 30 tunaiuza shilingi 1,400, na kwa pesa hizo, alivyosema, angetoka soko la Marikiti na zaidi ya kilo nzima ya manjano ya unga.

Nilipomfungua kijana bendeji niliiona sababu kabla sijaelezwa. Juu ya kidonda kulikuwa na gamba la rangi ya machungwa, gumu kama ukoko wa wali, limeshikana na shashi, na pembeni mwake usaha ulikuwa ukichuruzika.

"Mama, ulichanganya na nini?"

"Na manjano ya nyumbani, mwanangu, ili isiishe haraka."

Ilituchukua karibu saa nzima ya maji ya chumvi vuguvugu kulilainisha gamba lile, na muda wote huo kijana alikuwa ameing'ata leso ya mamake.

Hatukatai kwamba manjano ni dawa. Bibi zetu waliyapaka na sisi wenyewe tulipakwa. Kinachotafutwa ndani yake, yaani kurkumini, kwa kawaida hakizidi asilimia 5 hivi ya unga, na hicho kidogo nacho hakikubali maji ilhali kidonda ni mahali pa majimaji. Tena huharibika upesi. Kila aliyewahi kumwagikiwa mchuzi kwenye kanzu anajua kwamba doa la manjano likiguswa na sabuni hugeuka jekundu, na kanzu ikianikwa juani doa hufifia lenyewe. Hiyo ni kurkumini ikibadilishwa na magadi ya sabuni, kisha ikiuawa na mwanga. Vidonda vilivyokaa muda mrefu navyo huelekea upande huo huo wa magadi, kwa hiyo dawa inaweza kuharibika pale pale juu ya ngozi kabla haijafanya kazi.

Nanoteknolojia, yaani ufundi wa kutengeneza vitu vya kipimo cha nanomita, inashughulikia tatizo hilo hasa. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele mmoja una upana wa nanomita 80,000 hivi. Katika jeli tunayouza, kurkumini imefungwa ndani ya vitone vya mafuta visivyofika nanomita 200, ambavyo huelea katika maji bila kujitenga, huikinga dawa, na kuiachia kidogo kidogo. Wapo watafiti wanaotumia kitosani badala ya mafuta, nayo hutokana na maganda ya kamba na kaa. Nilimwekea mama yule glasi mbili za maji: katika ya kwanza unga wake ulielea kidogo, kisha ukatuama chini kama matope, katika ya pili jeli iliyeyuka, maji yote yakawa ya dhahabu na bado mtu aliweza kuona upande wa pili. Bei yetu ni ya kazi hiyo ya kufunga, si ya manjano.

Unga ukichanganywa na jeli hufyonza unyevu wake, vitone hushikana, na kinachobaki ni manjano ya kawaida yaliyokauka. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu huota ngozi mpya haraka kuliko kilichoachwa kikauke, kwa hiyo gamba lile lilikuwa likimrudisha kijana nyuma. Tena unga wa gunia lililo wazi sokoni haukutayarishwa kwa ajili ya nyama mbichi. Una vumbi na vijidudu vyake.

Kwa kuokoa nusu tyubu, mama yule alilipia kusafishwa kidonda mara sita kwa shilingi 300 na tyubu mpya, jumla shilingi 3,200, mbali na antibiotiki alizoandikiwa na daktari tuliyempeleka kwake. Kabla yake dereva mmoja wa tuk-tuk wa Likoni aliiacha tyubu yake juu ya dashibodi, joto likaitenganisha, mafuta upande na maji upande, naye akatuita matapeli.

Dawa kufungwa katika chembe ndogo si jambo la jana, kwani Marekani iliidhinisha Doxil, dawa ya saratani iliyofungwa ndani ya vifuko vya mafuta, mwaka 1995. Ila dawa nyingi za mimea za namna hii bado zinajaribiwa maabarani na kwa panya, na ndiyo maana jeli hii tunaiuza kwa michubuko na majeraha madogo ya moto tu. Mwenye kidonda cha sukari hatumuuzii, hata akisisitiza, tunampeleka hospitali.

Kwa jeraha la ukubwa wa sarafu, kiasi cha punje ya dengu kinatosha, kikipakwa chembamba baada ya kuosha, kisha shashi safi juu yake. Tumeleta pia tyubu za gramu 10 kwa shilingi 550, na kufungwa bendeji mara ya kwanza hatutozi. Mkija, tuambieni chochote mlichokwisha kupaka, hata kama ni dawa ya meno, kwa sababu kazi yetu huanza kwa kukiosha hicho.