Risala ya Klabu ya Joging ya Mtaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Bonanza la Afya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu;
Mheshimiwa Diwani wa Kata;
Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa na wajumbe wako;
Viongozi wetu wa dini;
Ndugu zetu wa klabu jirani;
Wazazi, walezi, mabibi na mabwana,

Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu. Wageni wengi hufika sisi tukiwa tumekwishakaa kwenye viti. Wewe umefika alfajiri, umevaa raba, na umekimbia nasi kutoka kituo cha daladala hadi hapa. Njia tuliyopita umeiona kwa macho yako, kwa hiyo mengi ya risala hii hatutahitaji kukusimulia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi ili Watanzania wajikinge na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi. Kina mama wachache wa mtaa huu, wengi wao wauza samaki, mafundi cherehani na mama lishe, waliamua kutoka. Baadaye vijana wakaungana nao, kisha wazee. Leo tuna katiba, tuna akaunti ya benki, tuna sare, na tunatoka kila Jumamosi bila kungoja ile ya pili.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumetwaa kombe na mbuzi katika bonanza la klabu za kata tatu. Tumechangia damu. Tumezibua mitaro ya mtaa mzima kabla ya masika, kazi ambayo mkandarasi angelipwa fedha nyingi. Tumefiwa, tumezikana, tumeoana. Na tumefanya jambo ambalo tunaamini ni klabu chache nchini zimelifanya: tumenunua mizani na futi ya kupimia urefu kwa michango yetu wenyewe, na kila mwanachama ana ukurasa wake katika daftari la uzito. Daftari hilo liko hapa mezani, limefungwa kwa sababu ni siri za watu, lakini katibu wa afya atakueleza linavyotumika.

Linatumika hivi. Unachukua kilo za mtu, unazigawa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 25, uzito umezidi. Likifika 30, hicho ndicho kiribatumbo. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 anavuka mstari wa kwanza akifika kilo 64, na wa pili akifika kilo 77. Siku tulipoanza kupimana wengi hawakuamini. Dada mmoja mwenye kilo 80 na kitu alishuka kwenye mizani akasema imeharibika, maana mtaani kila mtu humwambia amependeza, amenawiri, mume anamtunza. Tulimpima tena, tukampa glasi ya maji, tukakaa naye. Leo ndiye anayeshika bendera nyekundu mbele ya msafara.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukutajie takwimu chache, kwa sababu hapo nyuma tuliambiwa kwamba mambo ya joging ni starehe za watu wasio na kazi.

Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 1991/92 ulikuta wanawake 11 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Mwaka 2004/05 walikuwa 18. Mwaka 2010 wakawa 22. Mwaka 2015/16 wakafika 28. Utafiti wa mwaka 2022, ambao uliwaangalia wanawake wa miaka 20 hadi 49, umekuta ni zaidi ya theluthi moja. Makundi ya umri hayalingani sawasawa, lakini hakuna utafiti hata mmoja katika hiyo ambako namba ilirudi nyuma. Ndani ya miaka 30 nchi yetu imetoka mahali ambapo mwanamke mnene alikuwa mmoja katika familia nzima ya shangazi na mama wadogo, ikafika mahali ambapo ukiwapanga wanawake watatu kwenye foleni ya bomba la maji, mmoja wao ndiye.

Na mzigo huu haukugawanywa sawa. Katika utafiti ule wa 2015/16, wanawake wa mjini wenye uzito uliozidi au kiribatumbo walikuwa 42 katika 100, na wa vijijini 21. Mjini ni mara mbili ya kijijini. Sababu tunaziishi. Dada yetu wa kijijini anakwenda shamba kwa miguu, anachota maji, anatwanga. Sisi tunakaa kibandani kutwa nzima, bodaboda inatufuata mlangoni hata kwa safari ya kufika sokoni. Chipsi zinakaangwa kila kona hadi usiku wa manane, mafuta ya kula tunayanunua kwa vipimo vidogo na kuyamalizia yote kwenye sufuria, na mtoto akilia anapewa soda. Hatumlaumu muuza chipsi, naye ni mwanachama wetu na anakimbia vizuri kuliko wengi. Tunasema tu kwamba mji umetuondolea kutembea na haujatupa kitu badala yake.

Matokeo yake yako zahanati. Utafiti wa mwaka 2012 wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne ana shinikizo la juu la damu, na takriban 9 katika kila 100 wana kisukari. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo hapa mbele yako wanaotembea na dawa za presha kwenye pochi. Wapo wajane wa kisukari. Mwanachama wetu mmoja mwanzilishi alikatwa mguu, na bado kila Jumamosi hukaa kwenye kiti pale kwenye mwarobaini kutuhesabia mizunguko.

Jambo moja linatupa moyo. Mwaka 1991/92 karibu nusu ya watoto wa Tanzania wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 30 katika 100. Bado ni wengi mno, lakini walipungua, kwa sababu Serikali iliamua. Wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe, halmashauri zikaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na viongozi wakawa wanaulizwa fedha hiyo imekwenda wapi. Uzito wa mama yake mtoto huyo huyo umepanda miaka yote hiyo, na hatujasikia kiongozi akiulizwa amelima viwanja vingapi vya mazoezi. Zipo nyumba katika mtaa huu ambamo mtoto amedumaa na mama ana kiribatumbo, wanakula chungu kimoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kusema hayo tunaomba utazame kiwanja ulichokalia.

Hapo ulipoketi pamefagiliwa na kuwekwa turubai tangu jana. Ukigeuka kulia kwako utaona malori matatu ya mchanga. Tumewaomba madereva wayasogeze kwa ajili ya leo, wamesogeza kidogo, Mungu awabariki. Kesho yatarudi. Nyuma ya malori kuna shimo lililochimbwa kifusi wakati barabara inajengwa, na halikufukiwa. Mvua za masika zikinyesha shimo hilo hujaa, na maji hukaa mpaka Juni yakiwa ya kijani. Goli la upande ule halina mwamba, ulikatwa usiku ukaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Goli la upande huu limebaki kwa sababu mama mmoja mwenye kibanda hapo jirani hulilinda kama mtoto wake. Watoto wa shule ya msingi iliyo mtaa wa pili hawana kiwanja kabisa. Huletwa hapa kwa kipindi cha michezo, na walimu huwapanga kati ya malori.

Wataalamu wa afya duniani wanashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto dakika 60 kila siku. Tunakuuliza kwa heshima zote: wapi?

Kwa sasa ni barabarani. Umekimbia nasi leo ukiwa na gari la polisi mbele, na tunashukuru sana kwa hilo. Jumamosi nyingine tuna bendera nyekundu mbili na filimbi. Daladala zinatupigia honi, bodaboda zinapita katikati yetu. Kina mama wanatupiwa maneno ambayo hatuwezi kuyasoma mbele ya viongozi wa dini. Mwenzetu mmoja aligongwa na bodaboda akavunjika mguu. Tulichanga hospitali, tulichanga plasta, tulichanga unga wa wanawe. Alipopona mumewe alimkataza kurudi, na hatukuwa na hoja ya kumjibu. Wanaume wa mtaa huu wanaweza kutoka saa 11 alfajiri peke yao wakakimbia wanakotaka. Mwanamke hawezi. Takwimu tulizokusomea zinasema mzigo umemwelemea mwanamke wa mjini, na mwanamke huyo ndiye asiye na pa kufanyia mazoezi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi hili si jipya. Tunalisema bila nia ya kumvunjia heshima mtu yeyote. Kiongozi aliyetuheshimu kwa kuwa mgeni rasmi miaka michache iliyopita alisimama hapo hapo, akasema greda litafika ndani ya wiki mbili. Tulipiga makofi, tulimvisha kitenge, na vijana waling'oa visiki wikiendi ile ile ili greda lisikwame. Aliyemfuata aliahidi mifuko ya saruji na nyavu za magoli, na akasema tumpigie simu Jumatatu. Tulipiga. Wa mwaka jana alisema suala liko mezani kwake. Barua zetu zote tunazo, nakala zimegongwa muhuri wa kupokelewa, na majibu tuliyopata ni kwamba linafanyiwa kazi. Wakati linafanyiwa kazi, malori yalikuwa moja, sasa ni matatu, na mwezi uliopita tuliona watu wageni wakipima upande wa mashariki kwa kamba. Tulipowauliza ni nani aliyewatuma, walikunja kamba wakaondoka. Mpaka leo hatujalala vizuri.

Kwa hiyo leo hatuombi vikombe, jezi wala fedha za mfuko wa klabu, ijapokuwa tunavihitaji. Ombi letu ni moja, nalo ni kiwanja hiki. Tunaomba kipimwe na maofisa wa ardhi, kiwekewe bikoni, na kiandikwe kwenye ramani ya mipango miji kuwa eneo la wazi la michezo, ili yeyote mwenye kamba akija tumwoneshe karatasi. Hilo ndilo la kwanza, na likikosekana mengine yote ni bure, kwa sababu tutasawazisha ardhi ambayo mwenzetu atajengea fremu za maduka. Kikishapimwa, malori yahamishwe, shimo lifukiwe na greda lipite na kusawazisha. Sisi tutafanya yaliyobaki. Mawe ya kujengea mtaro wa maji tumekwishayakusanya, umeyaona pale langoni. Mafundi ujenzi wamo humu ndani ya klabu na wamejitolea kujenga choo, upande wa kina mama na upande wa kina baba, bila kulipwa hata shilingi. Miche ya kuzungushia uzio inakua nyumbani kwa wanachama. Hata chakula cha dereva wa greda tutapika sisi, kwa mafuta kidogo.

Tunaomba pia, kwa unyenyekevu mkubwa, usitupe tarehe. Tarehe tumekwishapewa nyingi. Badala yake tunaomba, kabla hujapanda gari, ututajie jina na namba ya simu ya ofisa wa ardhi ambaye viongozi wetu watakwenda kumwona Jumatatu asubuhi, na ikikupendeza umpigie hapa hapa tukiwa tunasikia, ajue kwamba tunakuja. Viongozi wetu wamekwishaomba ruhusa makazini. Nakala ya risala hii, ramani tuliyoichora kwa mkono na barua zetu zote zimo kwenye faili la bluu ambalo mweka hazina atakukabidhi mara baada ya vipimo. Tunakusihi faili hilo ulibebe wewe mwenyewe.

Baada ya risala hii tunakukaribisha upime uzito, presha na sukari pamoja nasi, halafu kuna uji wa ulezi, matunda na maji ya kunywa. Soda hatukuweka, utusamehe.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa Klabu,
kwa niaba ya wanachama wote